Kodiani ya Papa Ndani ya Kwaya ya Mama

Watu wakinisikia napiga kodiani wanauliza swali moja: hiyo muziki ni ya wapi? Wakongomani wanasema ni ya Wazulu. Wazulu wanasema ni ya watu wa visiwani. Bibi mmoja wa Mauritius anayeishi Morningside, hapa Durban, alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, halafu akaniambia kwao haipigwi hivyo, nimeiharibu. Mimi nasema ni zydeco, halafu nabaki naeleza zydeco ni nini mpaka mate yanakauka. Nimechoka. Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitampa asome.

Naanza na papa, juu kodiani ni yake.

Papa ni Mkrioli. Amezaliwa Rodrigues, kisiwa kidogo kilichokaa peke yake baharini, mbali hata na Mauritius yenyewe. Lugha yao ni krioli, Kifaransa kilichovua viatu. Alifika Durban na meli ya mizigo, alikuwa mpishi. Siku hiyo alishuka mjini kutafuta mtu wa kumkata nywele, akaingia saluni ambayo inasuka wanawake tu, na mama alikuwa amesimama pale na kitana mkononi. Mama ni wa Uvira, Kongo. Akamwambia kwa Kifaransa, hapa hatukati wanaume. Papa akajibu kwa krioli. Walielewana nusu. Ile nusu nyingine wanaigombania mpaka leo. Meli iliondoka, papa hakuondoka nayo.

Tulikaa Point, karibu na bandari, kwenye jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa pambo tu. Papa alikuwa anaendesha foklifti kwenye depo moja ya Clairwood, kutwa nzima katikati ya malori, anarudi nyumbani masikio yamechoka. Kwa hiyo kodiani ilikuwa ya Jumapili. Wiki nzima inalala juu ya kabati, imefunikwa. Jumapili, mama na mimi tukitoka kanisani kwetu, yeye akitoka kwake kwa Wakatoliki, anaishusha, anaipanguza, anakaa nayo kwenye kiti cha jikoni. Jikoni, si sebuleni. Sababu ya jikoni ilikuwa mama.

Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, papa anapiga. Alikuwa anajua polka, mazurka, valsi, na sega, ngoma ya kwao wenyewe. Zile tatu za kwanza Wazungu waliziacha kule kisiwani, babu zake wakazicheza mpaka Wazungu wenyewe wasingezitambua.

"Weye," mama anasema, "ile kitu yako isogeze kule. Vumbi yote inaanguka mu sombe."

"Si vumbi. Ni chumvi ya Rodrigues."

"Basi utakula weye peke yako."

Halafu ukimwangalia mgongoni unaona mabega yake yanafuata muziki.

Mimi nilianza kuishika mwaka ule wa Kombe la Dunia. Mji mzima ulikuwa unapiga vuvuzela, sauti moja, asubuhi mpaka jioni, na mimi nilikuwa na hasira kama mtu mwenye jino bovu. Nikamwambia papa nifundishe kitu chenye sauti zaidi ya moja. Alifurahi sana, lakini kufundisha hajui. Alisema tu, "Angalia mkono, mo tifi." Mo tifi ni binti yangu. Nikaangalia mkono. Unakwenda haraka, unaona nini?

Ile kodiani haina meno kama ya piano, ina vitufe. Kila kitufe kina sauti mbili: ukisukuma inatoka moja, ukivuta inatoka nyingine. Mtu asiyejua akiishika anafikiri imeharibika. Mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu, na sikumuuliza papa, nilikuwa napiga tu, nakosea, napiga tena kwa nguvu. Jirani wa juu alikuwa anagonga sakafu na ufagio. Papa akasema, "Huyo anakupa mpigo, mfuate." Nikamfuata. Siku moja vidole vikajua njia vyenyewe, sijui vipi.

Zydeco iliingia kwa kaseti. Papa aliipata zamani za meli, kwa mpishi mwenzake, mtu mweusi wa Louisiana, Amerika. Walikutana kwenye bandari fulani, kila mtu anaosha sufuria kwenye meli yake, wakaanza kutukanana kwa utani, na kila mmoja akashtuka: huyu anaongea kama mimi! Bahari mbili tofauti, krioli mbili tofauti, lakini matusi yalifanana. Yule mtu akampa kaseti. Juu yake imeandikwa na kalamu: zydeco.

Ukiiweka, kwanza unasikia kodiani, kubwa kuliko yetu, inakimbia kama mtu aliyechelewa. Nyuma yake kuna kitu kinakwaruza, chaka-chaka, chaka-chaka. Papa alinieleza ni fulana ya bati. Mtu anavaa bati lenye mistari kifuani, anakwaruza na vijiko. Katikati ya nyimbo mwimbaji anapiga kelele, "Mo kontan!" Na papa, kila mara, anajibu redio, "Mo kontan!" Maana yake nimefurahi, na kwao Rodrigues wanasema hivyo hivyo.

"Na zydeco ni nini?" nikauliza.

"Yule jamaa aliniambia ni maharage."

"Maharage?"

"Walikuwa maskini, wakiimba maharage hayana chumvi. Jina likabaki hapo."

Mama akatoa kichwa jikoni. "Basi ninyi piga muziki yenu ya maharage, na mimi nipike maharage. Tutaona batu batakula ya nani."

Kuanzia siku ile nyumbani kwetu iliitwa muziki ya maharage. Lakini mama ndiye aliyechukua chupa ya soda, ile yenye mistari, na kisu cha kupakia siagi, akamwonyesha papa. "Kwetu Uvira walikuwa wanakwaruza hivi wakati wa rumba. Hamna haja ya bati." Papa akajifunza chupa, na mimi nikapewa kodiani. Tulipiga kaseti yote ile, upande A na upande B, jikoni, kwa kuiga.

Baada ya papa na kaseti, mwalimu wangu wa tatu alikuwa sekyuriti wa jengo letu. Mzulu, mtu mnene, anajipenda. Alikuwa na konsatina, kodiani ndogo ya pembe sita inayoingia kwenye mfuko wa plastiki, na alikuwa anaipiga pale getini akitembea, maana anasema maskandi, muziki ya kwao Wazulu, haipigwi umekaa kama mgonjwa. Mama alikuwa anampita kichwa chini. Tangu mwaka ule wa fujo, wageni walipofukuzwa na kupigwa, mama alikuwa anasalimia majirani kwa nyusi tu. Mimi nilikuwa nakwenda kwake na kodiani yangu ngumbaru, nampigia wimbo wa kaseti. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Eish. Unaanza kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Sasa nianzeje, baba?"

"Jitangaze kwanza! Vidole vikimbie kote, juu mpaka chini, watu wajue nani amefika. Halafu ndiyo wimbo."

Akanionyesha. Vidole vikamwagika kama mchele kwenye sinia, na juu yake akataja ukoo wake wote kwa pumzi moja, babu na babu wa babu na ng'ombe zao. Akanisukuma begani. "Haya, wewe wa kwa nani?"

"Papa wa Rodrigues, mama wa Uvira."

"Hiyo tu? Basi sema haraka, isionekane fupi."

Sasa mtu ameelewa. Rodrigues, Louisiana kwa kaseti, Uvira kwa chupa, na geti la Point. Ndiyo hiyo muziki. Lakini bado kwaya, na bila kwaya ningekuwa bado napiga jikoni.

Mama alikuwa anaimba alto kwenye kwaya ya kanisa letu, Wakongomani watupu, na mimi nilikuwa nyuma yake, alto pia, sijapenda. Ule mwaka nilikuwa nimemaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, nakaa nyumbani nangoja majibu ya chuo, na kungoja kwangu ni ugonjwa. Mdogo wake mama, ambaye mimi namwita mama mdogo, akatangaza harusi. Wiki hiyo hiyo mpiga gita wa kwaya akahamia Cape Town. Alipata kazi, akaondoka, hata kuaga aliaga kwa simu.

Kwa Wakongomani hii si jambo dogo. Wimbo wa kwaya una sehemu mbili. Mnaimba maneno, watu wamekaa, wanafuta jasho. Halafu maneno yanaisha, gita inabaki peke yake inazunguka, hiyo ndiyo sebene, na hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Na sebene ndiyo inawaingiza maharusi. Maharusi wetu hawatembei kuingia hol, wanacheza kuingia, hatua mbili mbele, moja nyuma, kutoka mlangoni mpaka meza ya mbele. Kwaya bila gita ni kwaya bila mlango.

Kiongozi wa kwaya tulikuwa tunamwita Maestro. Wiki nzima anatengeneza simu kwenye kibanda mjini, Jumamosi anatutengeneza sisi. Akasema hakuna shida, ataweka sebene kwenye flash, ataichomeka kwenye spika.

Mama mdogo alikuja nyumbani analia. "Yaya," akamwambia mama, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "mimi niolewe na flash? Watu watasema nini kwetu Uvira wakiona video? Harusi ya flash!"

Mimi nikasema pale pale, bila kufikiri, "Nitapiga mimi. Kodiani."

Papa akaacha kutafuna. Mama mdogo akafuta machozi, akaniangalia. "Unaweza?"

"Naweza."

Jumamosi nikaibeba mpaka mazoezini. Maestro akaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Binti, hii ni nini? Ya sarakasi?"

"Ya sebene, Maestro."

Kwaya ikacheka, mabesi hasa. Maestro akainua mkono wakanyamaza. "Sawa. Tuko wakristo, tutasikiliza. Ukiweza, utamwingiza mama mdogo wako. Ukishindwa, flash inafanya kazi, na wewe unarudi alto bila kununa, na hii kitu sitaki kuiona hapa tena. Tumeelewana?"

Tulielewana. Tukaanza wimbo, kwenye do, maana nilimwomba do. Maneno yakaisha. Nikamwaga vidole kama nilivyofundishwa getini, nikaingia. Na ilikuwa nzuri! Sisemi kujisifu, niliona wasoprano wamekunja magoti. Mama alikuwa anacheka na kutazama chini kwa pamoja.

Halafu Maestro akainua dole gumba.

Dole gumba la Maestro maana yake tunapanda. Kwaya zetu zote zinafanya hivyo: watu wakipata joto, wimbo mzima unapandishwa ngazi kidogo, kila mtu anaruka juu pamoja, na joto linaongezeka. Halafu tena. Halafu tena. Nimeimba hivyo tangu mtoto, sauti inapanda yenyewe, sijawahi kufikiria. Kwaya ikapanda. Mimi nikatafuta ile ngazi kwenye vitufe. Haipo. Nikasukuma, haipo. Nikavuta, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Nikahangaika upande wa pili, mbuzi wawili. Kwaya ikafa sauti moja moja, mpaka nikabaki mimi na mbuzi zangu.

"Binti," Maestro akasema, pole pole. "Mbona umebaki chini?"

"Sijui."

"Haijui kupanda?"

"Sijui!"

Mabesi walikuwa wameinama, wanashikana. Maestro hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma. Akasema atanipa Jumamosi moja nyingine, kwa heshima ya mama yangu.

Nilirudi nyumbani nimebeba ile kodiani kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani. Papa alikuwa anakata kucha.

"Kwa nini hukuniambia haipandi?"

"Haipandi wapi?"

"Juu! Kwaya ikipanda!"

Akafikiri, kweli kabisa, kisu cha kucha hewani. "Hii inajua do na sol. Basi. Kwetu hakuna mtu anapanda."

"Mnafanyaje watu wakipata joto?"

"Tunabaki pale pale. Umeshapata fasi nzuri, mo tifi, unaondoka kwenda wapi?"

"Papa, siyo kisiwani hapa!"

"Basi waambie waruke mpaka sol."

"Wasoprano watakufa!"

"Ayo," akasema papa, akarudi kwenye kucha. Ayo ni kama pole, lakini pole ya mtu ambaye haoni msiba.

Nilikasirika nikaenda kulala mchana. Sikulala. Nilikuwa naimba ile sebene kichwani na dole gumba la Maestro linapanda, linapanda, na mimi niko pale kwenye do nimekaa kama mtu aliyeachwa na teksi. Na hapo ndiyo nikaona. Si mimi wa kuwafuata. Wao ndio wanapanda, si ndiyo? Basi waanzie chini. Waanze wimbo kwenye la, wapande wakati wa maneno, wapande tena, na mwisho wa maneno wafike kwenye do wanikute. Watapata kupanda kwao kote, na mimi nitakuwa nimeshafika.

Sikungoja Jumamosi. Nilikwenda kibandani kwa Maestro, simu ya mteja iko wazi mbele yake kama samaki.

"Maestro, anzeni chini. Mkipanda mtanikuta kwenye do."

"Sasa hivi niko na skrini ya mtu."

"Lakini umesikia?"

"Nimesikia. Mabesi watakuwa wanaimba chini ya lami."

"Si wanapenda kucheka? Wacheke kule chini."

Akanyanyua macho, na safari hii akacheka kidogo. "Na sebene nzima tutabaki kwenye do? Mpaka maharusi wakae? Binti, ile hol ni ndefu. Watu watalala."

"Hawatalala."

"Tutaona."

Jumamosi ikafanya kazi. Mabesi walilalamika kooni wanasikia mchanga, lakini walipofika do walikuwa kama watu waliotoka shimoni, wanaimba kwa furaha ya jua. Papa alikuja na chupa yake, akasimama nyuma yangu na kisu cha siagi, chaka-chaka. Tatizo lilikuwa moja. Katikati ya sebene dole gumba la Maestro lilikuwa linainuka lenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa analiona, analishika na mkono mwingine, anaomba radhi. "Ni mazoea," alisema. "Miaka yote hii." Mara mbili liliponyoka na kwaya ikapanda, na mbuzi wakarudi.

Mama alimwambia mbele ya watu wote, "Maestro, siku ya harusi tutakufunga."

"Mama, nitajifunga mwenyewe."

Siku ya harusi hol ilikuwa imejaa, kama kawaida ya kwetu: wasioalikwa wamekuja mapema kuliko walioalikwa. Sekyuriti wetu alikuwemo, na tai juu ya shati la kazi. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemuuliza. Alinionyesha vidole vyake, anavichezesha: jitangaze. Sikuwa naogopa watu. Nilikuwa naogopa dole moja.

Mlango ukafunguka. Mama mdogo, gauni lake lina mkia wa kufagia Point nzima, na uso wake umeanguka. Mgeni asishangae. Kwetu bibi harusi hacheki. Anaangalia chini, mdomo umefungwa, kama anapelekwa mazishini, maana akicheka watasema alikuwa na haraka ya kutoka kwao. Bwana harusi anaweza kucheka mpaka meno ya mwisho. Bibi, hapana.

Tukaanza kwenye la. Wakapanda. Wakapanda tena. Maneno yakaisha, nikamwaga vidole, kila kitu, Rodrigues na Uvira na geti, nikasikia sekyuriti anapiga mluzi, na sebene ikaingia kwenye do. Papa na chupa. Hol nzima ikasimama. Maharusi wakaanza, mbili mbele, moja nyuma. Vitambaa vinapepea juu ya vichwa vyao, mashangazi wanapiga vigelegele. Nilikuwa nasukuma na kuvuta, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka ya kufika popote.

Lakini hol ilikuwa ndefu kama alivyosema. Walipofika katikati tu, tulikuwa tumezunguka ile sebene mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona jasho la Maestro. Watu wamepata joto. Damu yake ilikuwa inataka kupanda, niliiona shingoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika wa kulia. Halafu mashangazi wakapiga kigelegele kikubwa sana, na mkono wa kushoto ukaachia.

Dole gumba likapanda. Kwaya nzima ikavuta pumzi. Niliona midomo inafunguka kwenda kule juu, nikafumba macho.

Hawakupanda. Nikafumbua jicho moja. Maestro alikuwa anaangalia mbele, dole bado hewani, limeganda. Mama mdogo, uso chini kabisa, mdomo umefungwa, hajacheka, hajainua hata kope, alikuwa ametoa mkono mmoja chini ya maua. Kiganja kinaangalia sakafu. Alikuwa anakishusha taratibu, kama mtu anayemtuliza mbwa. Bakini. Bakini pale pale.

Bibi harusi akiagiza, nani atakataa? Dole la Maestro likarudi chini kama bendera. Kwaya ikatoa ile pumzi yote kwenye do, kwa nguvu ambayo hatukuwa nayo kwenye mazoezi, na papa nyuma yangu akapiga kelele, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo nje ya jikoni, "Mo kontan!" Hakuna aliyejua maana yake. Wote wakaitikia.

Tulibaki pale mpaka wakakaa. Hakuna aliyelala.

Baada ya chakula nilikwenda meza ya mbele, nikainama sikioni kwa mama mdogo. "Mama mdogo, aksanti kwa ule mkono."

Alikuwa bado anafanya uso wa msiba. Akajibu bila kusogeza midomo. "Ulifikiri ni juu yako?"

"Sasa?"

"Ninyi mkipanda mnaanza kukimbia. Kila mara. Na mimi na hii viatu! Ningeanguka mbele ya mama mkwe." Akavuta gauni lifunike viatu. "Lakini ulipiga vizuri. Ondoka sasa, utanichekesha."

Maestro hakuniambia neno. Alikula, akazungumza na wachungaji, akacheza na shangazi mmoja. Mimi nilikuwa nazunguka karibu yake na sahani, nangoja aseme, ndiyo au hapana, na yeye anaongea habari za mchele. Kungoja, nimeshasema, ni ugonjwa wangu.

Jioni tukatoka nje kupakia. Kwaya ina pikapu yake ya vyombo: ngoma, kinanda, spika, na ni marufuku kuweka kitu cha mtu humo, hata mkoba. Papa alikuwa amesimama na kodiani mikononi, anatafuta teksi. Maestro akaja, akamnyang'anya, akaiingiza kwenye pikapu katikati ya ngoma na kinanda.

"Maestro," papa akasema, "hiyo inaenda nyumbani."

"Inaenda stoo ya kwaya. Jumamosi binti ataikuta."

"Na Jumapili nitapiga nini jikoni?"

"Jumapili asubuhi sisi tuko pale, papa. Njoo na chupa yako."

"Mimi Mkatoliki."

"Chupa haina dini."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, viatu mkononi, anacheka mpaka anajifuta macho. Mimi nilikuwa nataka kuruka lakini niliogopa kuharibu. Papa akanitazama, akaitazama kodiani, akapiga hatua kama mtu anayeondoka, akarudi.

"Mmeilaza vibaya," akasema. "Hailali hivyo, itavunjika pumzi."

Wakaigeuza. Bado vibaya. Wakaigeuza tena. Mwisho papa akapanda mwenyewe nyuma ya pikapu na suti yake ya harusi, akakaa juu ya spika, akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili. Dereva akauliza kama kuna tatizo. Papa akasema hakuna, twende. Kwenye robot ya kona, taa za barabarani, wakasimama, nyekundu, na kabla haijawaka kijani alikuwa ameshaanza kupiga.